Mwacheni Apake Rimu Zake

Mbulu kuna hukumu inayotolewa bila mshtakiwa kusikilizwa. Kijana akionekana ameinua gari lake kwa jeki uani, tairi kalifunika magazeti na mkononi ana kopo la rangi ya kupuliza, wapita njia wanakuwa wamemaliza naye kabla hawajafika kona. Ushamba. Kukosa kazi. Kuharibu gari. Akizungusha mstari mwekundu kwenye ukingo wa rimu nyeusi, ataambiwa ana akili ya bodaboda hata kama anaendesha Noah. Akipaka nati rangi ya dhahabu, ataulizwa kama mahari keshatoa. Fundi naye atatikisa kichwa: kazi ya rangi ni ya gereji, nyumbani mtu anachafua tu. Na hakosekani mzee wa kufunga mjadala: gari ni la kubebea vitunguu swaumu kwenda sokoni, si la kuvishwa hereni.

Maneno haya utayasikia Mbulu mjini, Dongobesh na Katesh, na husemwa kwa uhakika wa mtu asiyetarajia kujibiwa. Basi leo yajibiwe. Sitetei kila rimu iliyopakwa. Ziko zinazoumiza macho, na zitaendelea kuwapo kwa sababu ladha haiuzwi dukani. Ninachokitetea ni kazi yenyewe: mtu kuvua gurudumu la gari lake nyumbani, kulisafisha, kulikagua na kulipaka rangi aitakayo. Kazi hiyo ikifuata utaratibu wake inamfaidi dereva kuliko inavyomfaidi mtazamaji, na wengi wa wanaoicheka hawajawahi kuinama wakaitazama.

Tuanze na shutuma nyepesi, ile ya ushamba. Wanaodai kwamba gurudumu lenye rangi tofauti na bodi ni uzushi wa vijana wa siku hizi wamesahau mashamba yao wenyewe. Tambarare za Basotu wilayani Hanang zimelimwa ngano kwa mashine tangu miaka ya 1970, pale mradi wa ngano wa Tanzania na Canada ulipofungua mashamba makubwa chini ya shirika la umma la NAFCO. Mtu wa huku anayajua matrekta. John Deere ni la kijani na magurudumu yake ni ya njano. Massey Ferguson ni jekundu na rimu zake ni za rangi ya fedha. Rangi hizo hazikupakwa na kijana wa kijiweni. Zinatoka kiwandani hivyo, na sijasikia mzee aliyekataa kulimiwa shamba lake kwa sababu trekta lina magurudumu ya njano. Hata Volkswagen za mgongo wa kobe za miaka ya 1950 zilitoka kiwandani na rimu za rangi mbili. Kutofautisha gurudumu na bodi kumewatangulia wengi wa wanaokulaumu.

Na tukiweka magari kando tukawaangalia watu, hoja ya kwamba kitu cha kazi hakipambwi inakosa pa kusimama kabisa katika nchi hii. Mabibi wa Kiiraqw walishona shanga kwenye sketi za ngozi kwa ufundi ambao leo watu wanaulipia kuuona. Mafundi chuma wa Kidatoga, upande wa Ziwa Eyasi, wanayeyusha makoki na makufuli chakavu wakatoa bangili zinazong'aa, na mikono hiyo hiyo inafua vichwa vya mishale ya kuwindia. Kibuyu kilinakshiwa na bado kikabeba maziwa. Hakuna aliyesema kwamba kibuyu ni cha kazi, kwa hiyo kisiguswe. Mtu wa Mbulu anayemwambia mjukuu wake kwamba pambo na kazi havikai pamoja anamfundisha jambo ambalo bibi yake mwenyewe angelikataa.

Lile neno la "akili ya bodaboda" nalo lina dharau iliyokaa vibaya. Dereva wa bodaboda anayezungusha utepe wa rangi kwenye ringi ya pikipiki yake huifuta ringi hiyo kila asubuhi, maana utepe uliojaa tope haupendezi. Akiifuta, vidole vyake vinapita kwenye kila spoku, na ile iliyolegea anaigundua kabla haijakatika njiani. Wenye magari ya mamilioni, wangapi wanajua leo hii hali ya nati za gurudumu la nyuma kushoto?

Shutuma ya pili ina uzito zaidi: kwamba hii ni kazi ya fundi, na mwenye gari akae pembeni. Mafundi rangi nawaheshimu, na bodi nzima ya gari sitamshauri mtu aipake uani. Bodi inataka kompresa, bunduki ya rangi, mahali pasipo na vumbi, na jicho la mtu aliyekwisha kuchanganya rangi nyingi. Mlango uliopakwa vibaya mtaa mzima utauona. Rimu ni habari nyingine. Eneo lake ni dogo. Inavuliwa, inalazwa juu ya gunia, inapakwa ikiwa imelala ili rangi isichuruzike, na ikiharibika inasuguliwa upya na hakuna atakayejua.

Siri yote iko kabla ya rangi. Kwanza ni maji ya moto na sabuni, nje na ndani, maana vumbi la breki lina chembe za chuma zilizoruka zikiwa za moto na kushika kama zimechomelewa. Kisha ni kuondoa mafuta. Kama tairi liliwahi kupakwa ile dawa ya kung'arisha, mafuta yake huenea hadi kwenye ukingo wa rimu, na rangi ikifika hapo inakimbia na kuacha vijiduara vitupu. Kitambaa chenye spiriti kinamaliza shida hiyo. Baada ya hapo ni msasa namba 400 na maji, taratibu, mpaka mng'ao wa zamani ufifie kila mahali. Penye kutu, msasa wa kukwaruza zaidi mpaka chuma kionekane, halafu praima. Ukitaka mstari wa rangi ukingoni tu, unatandika tepu ya karatasi, unaibana kwa ukucha pembe zote, na kati ya tairi na rimu unachomeka karata za kuchezea moja baada ya nyingine mpaka zizunguke duara zima. Rangi inapulizwa nyepesi, mara tatu au nne, ukisubiri kila safari ikauke kidogo. Tepu inavutwa rangi ingali laini, kwa mshazari, isije ikang'oka na ukingo wa mstari. Mwisho kabisa ni klia, lile tabaka angavu la kuikinga rangi.

Katika hatua hizo hakuna hata moja inayodai cheti cha VETA. Zinadai subira, na gereji yenye magari sita mlangoni haina subira ya kumuuzia mtu. Fundi mwenye foleni atapuliza rangi juu ya tope lililokauka, na simlaumu, kwani analipwa kwa idadi ya magari yanayotoka. Mwenye gari ndiye mwenye Jumamosi nzima ya kulisugua gurudumu moja. Tena kuna suala la umbali. Anayekaa Yaeda Chini au vijiji vya mbele ya Haydom akisubiri fundi rangi wa mjini kwa kila mkwaruzo wa rimu, kutu itafika kabla ya fundi. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Sasa tuje kwenye shutuma nzito kuliko zote, ambayo kusema kweli inastahili jibu la makini: kwamba rangi ya rimu ni ya kuficha ubovu. Ipo. Dalali anayetaka kuuza gari lililopigwa atapaka rimu, atang'arisha tairi, atapuliza marashi ndani na atakwambia mwenyewe alikuwa mwalimu wa kike asiyevuka Babati. Mnunuzi na aogope rimu mpya kwenye gari kuukuu. Lakini mbona hoja hii anatupiwa mtu anayepaka gari ambalo haliuzwi? Yeye anamficha nani? Ndiye atakayekaa kwenye usukani kesho asubuhi, na watoto wake wakiwa kiti cha nyuma.

Ukweli ni kwamba kazi ya kupaka inafichua. Rimu ya aloi ikipigwa na shimo au jiwe, ufa wake mara nyingi huanzia upande wa ndani, kwenye ukingo unaotazama chini ya gari. Kijana wa kuosha magari hafiki huko. Wewe ukipita pembeni hupaoni. Hata fundi wa pancha, akiona tairi linapungua upepo polepole, ataanza kutafuta msumari. Anayefika pale ni yule aliyelivua gurudumu, akaligeuza juani na kulisugua kwa msasa mpaka mgongoni. Ufa unajitokeza kama unywele mweusi ambao sabuni haiutoi. Unaupitishia ukucha, ukucha unakwama. Rimu ya namna hiyo haipakwi rangi wala haichomelewi na fundi wa mageti. Inatupwa. Na mtu anayeitupa kwa sababu ameiona kaokolewa na ule ule mchezo wa rangi unaochekwa.

Rangi ikishakauka inaendelea kutoa ushahidi. Nati ikilegea, maji na msuguano huchora michirizi ya kutu kutoka kwenye tundu lake kuelekea nje. Kwenye rimu ya rangi nyepesi michirizi hiyo inaonekana ukiwa umesimama, kwenye rimu iliyovaa tope la mwaka mzima haionekani kamwe. Mafundi makini wa malori wana desturi ya kuchora mstari mmoja wa rangi unaopita juu ya nati na kuendelea kwenye rimu mara baada ya kukaza. Asubuhi dereva akikuta mstari umekatika, upande wa nati haukutani na upande wa rimu, anajua nati imezunguka. Malori makubwa ya safari ndefu huvishwa vimshale vya plastiki vya rangi kali kwenye nati kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo rangi kwenye gurudumu ni lugha ya usalama inayosomwa na watu wa kazi nzito duniani kote. Kijana wa Mbulu anayepaka nati zake rangi ya dhahabu amebakisha hatua moja tu: achore na mstari.

Nasisitiza gurudumu kwa sababu ya mahali tulipo. Huku si Dodoma, ambako unaweza kuendesha mwendo mrefu bila kugusa breki. Kutoka Mbuyu wa Mjerumani kupanda Mlima Magara hadi Mbulu unaukwea ukuta wa Bonde la Ufa, na sehemu zenye mwinuko mkali zimemwagwa zege kwa kuwa changarawe ilikuwa inawashinda wenye magari. Ukishuka na mzigo, breki zinapata moto, joto linahamia kwenye rimu, na kila kona inazikamua nati. Mvua ikinyesha, udongo mwekundu unajaza rimu upande mmoja, ukikauka gurudumu linakosa mizani na usukani unatetemeka. Wengi hulipia mizani ya magurudumu wakati dawa ilikuwa ndoo ya maji. Kwenye njia za namna hii dereva anayelijua gurudumu lake ana kinga ambayo stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama peke yake haimpi.

Wapo wanaosema haidumu: matope, vumbi na changarawe za Mbulu zitaimaliza rangi kabla ya Pasaka. Hili linategemea. Iliyopulizwa juu ya mafuta na kutu itabanduka kama ganda la muwa. Iliyoandaliwa vizuri itakaa, na changarawe ikiidonoa, kopo lile lile la mililita 400 lililobaki kabatini litaziba jeraha kwa dakika chache. Rangi ya unga inayookwa kiwandani kwa joto la karibu nyuzi 200 ni ngumu zaidi, sikatai, lakini ikibanduka huna cha kuifanya hapa. Na aloi nazo zina kikomo cha joto, zikiokwa ovyo zinapoteza nguvu iliyowekwa na kiwanda. Kinachowaponza wengi huku ni hali ya hewa. Nyanda za juu za Mbulu mwezi Juni na Julai zina ukungu na baridi, na rangi iliyopulizwa asubuhi ya ukungu inapauka na kubaki na utando mweupe. Subiri jua la mchana, siku kavu isiyo na upepo, kopo liwe na uvuguvugu wa mkono. Wakulima wanaojua lini maharage yaanikwe hawawezi kushindwa kujua lini rimu ipakwe.

Hoja za sheria na bei nazipitia haraka kwa sababu hazina nyama. Kadi ya gari ina nafasi ya rangi, na rangi inayoandikwa hapo ni ya bodi. Anayetaka kubadili bodi kutoka nyeupe kuwa nyeusi ana safari ya kwenda TRA, anayepaka ukingo wa rimu hana. Kuhusu bei, mnunuzi anayeikataa rangi ya rimu ataomba apunguziwe thamani ya kopo moja na msasa. Mnunuzi anayekuta kutu chini ya kava za plastiki ataomba apunguziwe rimu nne.

Nimeziacha makusudi mpaka sasa kasoro za kweli za kazi hii, kwa sababu wanaoibeza hawazitaji. Wanazungumzia hereni na ushamba, na hatari yenyewe wanaipita. Hatari kubwa ya rangi iko sehemu mbili. Ya kwanza ni pale nati inapokaa kwenye rimu, kile kikombe kidogo chenye umbo la koni. Ya pili ni uso wa nyuma wa rimu, unaolala juu ya habu. Sehemu hizo mbili hazipakwi rangi. Nati inashikilia gurudumu kwa kuuvuta msumari wake wenye hesi urefuke kiasi kidogo mno, kisichoonekana kwa macho; ndiyo nguvu inayolibana gurudumu. Ukiweka tabaka la rangi katikati, joto la breki likifika rangi inalainika, inasagika, inatoka, na ule mvutano unapungua. Nati uliyoikaza kwa nguvu zako zote inakuwa imelegea yenyewe bila kuzunguka sana. Kwa hiyo vikombe vya nati vinazibwa kwa tepu au kwa vizibo vya karatasi kabla ya kupuliza, na nati zikitaka rangi zinapakwa kichwani tu, si kwenye mdomo wake wala kwenye hesi. Diski ya breki nayo usiiguse.

Kisha kuna kukaza. Magari mengi madogo ya Toyota yanayojaa barabara zetu yanataka nati ikazwe kwa newtoni mita 103 hivi. Kwa lugha ya uani: chukua spana yenye mkono wa nusu mita, uzito wa kilo 21 ukining'inia mwisho wa mkono huo unatosha. Sasa mtazame kijana wa kilo 70 anayepanda juu ya spana na kuirukia, kama inavyofanyika kwenye vibanda vingi vya pancha. Amezidisha zaidi ya mara tatu, na anauchosha msumari wa gurudumu mpaka siku moja ukatike. Nati zikazwe kwa mshazari, moja huku na ya pili upande wa pili, gari likiwa limegusa ardhi, kisha zirudiwe baada ya kilomita 50 hadi 100. Mtu aliyepaka rimu zake mwenyewe ana kila sababu ya kurudia. Aliyeziacha gereji akachukua gari jioni, aghalabu harudii.

Hapo ndipo ninapowaona wakosoaji wamepoteza nafasi nzuri. Wana umri, wana uzoefu wa barabara hizi, na kijana anawaamkia shikamoo kila wanapopita. Wangeweza kusimama na kumuuliza: hizo tundu za nati umeziziba? Nyuma ya rimu umesafisha? Mawe ya kuzuia magurudumu mengine umeweka, au umeitegemea jeki peke yake? Maswali hayo yana faida, yanaweza kuokoa uhai. Badala yake wanatoa kejeli wanaondoka, na kijana anajifunza kwamba wakubwa hawana cha kumfundisha kuhusu gari.

Wewe unayetaka kupaka, paka. Chagua rangi unayoipenda, siku kavu, na ufanye gurudumu moja kwa wakati. Ziba vikombe vya nati, acha uso wa habu mtupu, kagua ukingo wa ndani kwa ukucha, chora mstari kwenye kila nati, na usishuke Magara kabla hujazirudia kuzikaza. Nawe mzee unayepita, salamu yako inapokelewa. Kama hujawahi kukagua nati za gari lako mwaka huu, maoni yako kuhusu rangi ya nati za mwenzako yasubiri mpaka umezikagua.